Kichwa kidogo cha tripodi kwa darubini ya mm 80: kipi kinafika utosini bila kushuka?

#1 KusiLaShangani
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kuchagua kichwa cha tripodi.

Darubini ni ya lenzi, mm 80, urefu wa fokasi mm 400. Ikiwa na kioo cha kona (kinachokunja mwanga kuelekea jichoni) na lenzi ya jicho ya mm 10 inafika kilo 1.4, ukuzaji mara 40. Tripodi ni ya kamera, ya alumini, miguu ya vipande vitatu. Kichwa ni cha gololi ya mm 36, boksi limeandikwa kinabeba kilo 8.

Matatizo ni haya. Mwezi ukiwa katikati nakaza skrubu, nikiachia mkono unateremka karibu robo ya uwanja wa kuona. Nikigusa fokasi, picha inatetemeka sekunde 4 hadi 5. Na kundi la nyota la Orion likiwa juu kabisa kichwa hakiendi huko, mpaka niilaze shingo kwenye ule mfereji wa pembeni, na hapo darubini inaning'inia upande mmoja.

Nataka kichwa kidogo kinachoingia kwenye begi la mgongoni, nivuke nacho kwenda Msangamkuu, ng'ambo ya Mtwara mjini, kwenye giza. Bajeti laki tatu. Nichukue gololi kubwa zaidi, kichwa cha video, cha giya, au kile kidogo cha darubini chenyewe?

#2 HesabuKwanza
Karibu mkuu. Anza kwa kutupa ile namba ya kilo 8. Hiyo hupimwa mzigo ukiwa umesimama wima juu ya gololi, na mzigo wa namna hiyo hauvuti upande wowote. Darubini ukiinamisha kwenda juu, kitovu cha uzito kinatoka juu ya gololi na kuanza kuvuta kama mtu anayevuta mpini.

Kwako kitovu kiko kama sm 9 juu ya katikati ya gololi (tako la darubini, pleti ya kulifungia, taya inayoibana pleti na nusu ya gololi yenyewe). Kilo 1.4 mara sm 9 ni 12.6. Yaani ukielekeza utosini, juu kabisa angani, gololi inazuia nguvu sawa na kilo moja na robo iliyotundikwa kwenye ncha ya fimbo ya sm 10. Kwenye nyuzi 30 nguvu hiyo ni nusu. Kwa hiyo mahali pabaya kuliko pote ni utosini, na msuguano wa gololi ya mm 36 ndio unaoshindwa. Gololi ya mm 50 na kuendelea ingesaidia, ila si ndogo tena na si nyepesi.

#3 FundiKereza
Mkuu #2 hesabu ni sawa ila hukumu umeiwahisha. Kushuka baada ya kukaza kuna aina mbili. Ya kwanza, gololi inateleza kweli. Ya pili, gololi imekaa imara lakini kilicho juu yake kinabonyea: ule mpira au gome laini la kizibo la juu ya pleti, au tako la plastiki la darubini lenyewe.

Kipimo ni cha dakika mbili. Chora mstari wa penseli unaovuka kutoka kwenye gololi hadi kwenye nyumba yake. Elekeza kwenye kitu cha mbali, kaza, achia. Mstari ukikatika, gololi ndiyo iliyohama. Ukibaki mmoja na picha imeshuka, acha kununua kichwa, tafuta pleti isiyo na mpira.

Robo ya uwanja kwa ukuzaji wa 40 ni kama theluthi ya nyuzi moja. Kwenye pleti yenye urefu wa sm 5, pembe hiyo inatimia upande mmoja ukibonyea mm 0.3 tu kuliko mwingine. Mpira unabonyea zaidi ya hapo bila shida.

#4 Mwalimu_Newala
Kabla hamjaenda mbali na vyuma, tutazame anga letu, kwa sababu ushauri mwingi mtandaoni umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ambao vitu vyao havipiti juu ya vichwa vyao kama vyetu.

Mtwara mjini iko nyuzi 10 na dakika 16 kusini. Nyota Rigel ya Orion iko nyuzi 8 kusini mwa ikweta ya anga, hivyo inapita nyuzi 2 tu kutoka utosini. Spika iko nyuzi 11 kusini, inapita kama nyuzi 1 kutoka utosini. Wingu la Orion (nebula) linafika kimo cha nyuzi 85. Sirius inakosa utosi kwa nyuzi 6 na nusu. Jua lenyewe linapita utosini karibu na tarehe 22 Februari na 20 Oktoba, na Mwezi na sayari hufuata njia ileile.

Mtu wa London anaiona Rigel kwenye kimo cha nyuzi 30 ikiwa juu kabisa, kwa hiyo kichwa kinachoishia nyuzi 60 kinamtosha. Kwetu kichwa hicho kinakunyima nyota katika saa ambayo hewa kati yako na nyota ni nyembamba kuliko zote. Sharti la kwanza hapa ni nyuzi 90 kamili. Kilo zinafuata. Ukiwa dukani weka simu yenye programu ya kupima pembe juu ya pleti, inamisha mpaka mwisho, usome.

Na mtakaolenga jua hiyo Oktoba: kichujio cha mbele ya lenzi, kimefungwa barabara kisipeperuke na upepo. Kile kidogo cha kuvisha lenzi ya jicho hupasuka kwa joto. Usikitumie kabisa.

#5 BintiMikindani
Mwalimu #4 amemaliza hoja. Nami naongeza la kichwa cha video na vile vya mkono mmoja, kwa sababu wengi hudanganyika hapo.

Vingi vinainama nyuzi 90 upande mmoja na 30 hadi 60 upande wa pili. Nyuzi 90 ziko upande wa kutazama chini, kwani mpiga picha huhitaji kutazama chini. Ukiweka darubini kama kamera, unabaki na zile 30. Dawa yake ni kuigeuza: lenzi kubwa ielekee upande wa mkono wa kichwa, jicho upande wa mbele. Sasa kule "chini" kwa kichwa ndiko juu kwa darubini, unapata 90 zote. Na mkono unapanda pamoja na mtutu, haukuchomi kidevu.

Kama mkono unaweza kuhamishiwa upande wa pili, uhamishie. Kisha sogeza darubini mbele au nyuma kwenye pleti ndefu (sm 10 hadi 12 inafaa) ukiwa na lenzi ya jicho utakayotumia na kioo cha kona. Watu husawazisha mtutu mtupu, wakiongeza lenzi nzito inakaa chini yenyewe.

#6 KoroshoGrediYaKwanza
Dada #5, vichwa vya video vya bei ya laki na kitu vina mafuta ya kulainisha mwendo kweli? Au grisi tu?

#7 BintiMikindani
Vingi ni grisi nene tu. Kipimo chake: legeza kidogo, weka kidole kimoja kwenye ncha ya mkono, sukuma taratibu sana. Kizuri kinaanza kwenda bila kuruka. Kibaya kinagoma, kinagoma, halafu kinaruka. Mruko wa nusu nyuzi hauuoni kwa kamera, lakini kwa ukuzaji wa 40 ni upana wa Mwezi mzima.

Kingine ni springi ya kusawazisha. Vyenye springi isiyorekebishika hupangwa kwa mzigo fulani, tuseme kilo 2.5. Darubini ya kilo 1.4 inarudishwa juu na springi, kila ukiachia inainuka. Tafuta kisicho na springi au chenye kuizima.

#8 HesabuKwanza
#3 nimekubali kipimo cha penseli. Lakini hata mstari usipokatika, utosini bado gololi ni kazi bure, kwa sababu ukilegeza kidogo ili kuifuata nyota vinalegea vyote kwa pamoja: juu, chini, kulia, kushoto. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa. Lenzi yake ya mm 10, kama ni ya kawaida ya nyuzi 50, inampa uwanja wa nyuzi 1 na robo. Nyota inauvuka kwa dakika 5. Akiweka lenzi ya mm 4 ni dakika 2. Kila safari alegeze gololi nzima?

Hapo ndipo giya inapokuja. Manfrotto 410 ina vishikio vitatu, kila kimoja na mwelekeo wake, unazungusha polepole bila kulegeza chochote. Inabeba kilo 5.

#9 FundiKereza
Na yenyewe ina kilo 1.22, karibu uzito wa darubini yake. Nayo ni 90 upande mmoja na 30 upande mwingine, hivyo igeuzwe kama alivyosema #5. Na inatumia pleti yake ya pekee, si ya Arca, ule mtindo wa pleti unaoingiliana na vichwa vingi. Kwa laki tatu mpya haipatikani.

Nzuri kwa Mwezi na sayari, sibishi. Ila giya zikichakaa kidogo zinacheza: unazungusha, haiendi, haiendi, ndipo inashika. Zoea kumalizia mzunguko siku zote upande uleule, ukiwa unapandisha mzigo, ili meno yabaki yameegemeana.

#10 Mlalo_Lindi
Mimi swali dogo. Kwa kutazama ghubani Lindi, majahazi na ndege, ukuzaji mara 20, hayo ya utosini yananihusu?

#11 KoroshoGrediYaKwanza
Lindi bwana, wenzenu tunatafuta nebula nyie mnahesabu majahazi!

#12 BintiMikindani
Mwache mzee wa watu, jahazi nalo lina uzuri wake. #10, hayakuhusu. Kichwa cha video chepesi kinakutosha, mradi kiwe laini kulia na kushoto. Na usikigeuze, kitumie kama kilivyo.

#13 JiweLaMsimbati
Nyote mnakilaumu kichwa, mtetemo wa sekunde 5 unatoka miguuni. Nguzo ya kati ikipandishwa ni fimbo moja iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu, na kipande chembamba cha mwisho cha mguu kinapinda kama ufito. Shusha nguzo yote. Usitoe vipande vyembamba, keti kwenye kigoda. Tundika mfuko wa mchanga wa kilo 3 hadi 5 chini ya nguzo, ila uguse ardhi kidogo, ukining'inia unakuwa pendulamu na upepo wa kusi unaubembeza.

Ufukweni miguu inazama kidogokidogo na picha inashuka taratibu, mtu anadhani gololi inateleza. Weka kifuu cha nazi chini ya kila mguu.

#14 FundiKereza
Kifuu kina mgongo wa duara mkuu, kinayumba. Kipande cha ubao sm 10 kwa 10, unene sm 2, chenye kishimo katikati cha kukalia ncha ya mguu. Vitatu vinaingia begini.

#15 JiweLaMsimbati
Kifuu kinafukiwa mdomo ukiwa chini, mchanga unajaa ndani hakiyumbi. Lakini ubao nao sawa.

#16 Mwalimu_Newala
Tuwatenganishe mahakamani: kichwa na miguu. Toa kichwa kabisa. Funga darubini moja kwa moja kwenye bolti ya tripodi, elekeza kwenye taa au mnara wa mbali, gonga mtutu kwa kidole mara moja, hesabu mpaka picha itulie. Rudisha kichwa, gonga vilevile, hesabu tena. Ukipata namba moja mara zote mbili, miguu ina hatia. Ikiongezeka sana, kichwa. Sekunde 1 ni nzuri, 2 inavumilika.

#17 Nanjilinji88
Kwenye kufunga darubini moja kwa moja, kama hana bolti ya saizi atumie ya milimita 6, zinaingiliana.

#18 FundiKereza
Hapana! #17 usimharibie mtu darubini. Bolti ya kamera ni robo inchi, mm 6.35, meno 20 kwa inchi, yaani hatua ya mm 1.27. Bolti ya mm 6 ni nyembamba na hatua yake ni mm 1. Inaingia mizunguko miwili mitatu ikiwa imelegea, kisha inapanda juu ya meno na kuyala, na tako la darubini ni alumini laini.

Kubwa yake ni thumni tatu za inchi (3/8), meno 16 kwa inchi. Hiyo ndiyo bolti unayoitaka chini ya kichwa, na kule juu kwenye darubini pia kama tako lina tundu lake. Kati yake kuna bushi ya kupunguza. Bushi ikiwa imelegea hata robo mzunguko, yote mliyoandika hapo juu hayana maana. Ikaze kwa bisibisi pana, tone moja la gundi ya nati.

Halafu jambo ambalo hakuna aliyeligusa: darubini iliyoshikwa na bolti moja inaweza kuzunguka juu ya bolti hiyo. Ukifunga reli, tumia bolti mbili, au reli yenye kijiukingo cha kuegemea tako. Na chini ya kichwa, ukizungusha kwenda kushoto unakifungua taratibu. Sahani ya tripodi nyingi ina matundu matatu ya skrubu ndogo za kusukuma juu, zikaze kwa spana ya L ndipo kichwa kisifunguke.

#19 Nanjilinji88
Nimeelewa fundi, asante.

#20 NyotaZaKusini
Mleta mada ameandika jibu lake mwenyewe kwenye bandiko la kwanza, akalilalamikia. Ule mfereji wa pembeni ndio altazimuthi yake, yaani kichwa cha juu-chini na kulia-kushoto.

Laza shingo ya gololi kwenye mfereji mpaka ikae mlalo kabisa. Funga darubini kwenye taya, ikae ubavuni mwa kichwa, si juu yake. Sasa ukilegeza skrubu ya gololi kidogo, shingo inajizungusha kwenye mhimili wake, na darubini inapanda kutoka upeo wa macho hadi utosini na kupitiliza. Kulia na kushoto tumia skrubu ya tako la kichwa. Kitovu cha uzito kiko kwenye mstari wa shingo, hivyo ile kilo na robo ya #2 inakuwa sifuri. Shingo haitoki mferejini kwa sababu uzito wenyewe unaikalisha.

Masharti manne:
– Kichwa kiwe na skrubu ya pekee ya kuzungusha tako. Chenye skrubu moja tu hakifai.
– Mguu mmoja wa tripodi uwe chini ya darubini, maana mzigo uko pembeni.
– Reli iwe na skrubu za kuzuia ncha zote mbili. Utosini reli inasimama wima, taya ikilegea darubini inateleza na kuanguka kwa lenzi.
– Uzi imara kutoka kwenye mtutu hadi kwenye tripodi. Usiuache.

Gharama yake haifiki hata elfu kumi.

#21 HesabuKwanza
Nakubali sifuri kwa upande wa juu na chini. Lakini sasa uzito wote unaivuta gololi upande, ukingo wa mfereji ndio unaobeba. Vichwa vya bei nafuu vina ukingo laini, gololi inakwaruzika, baadaye inakwama hata ukiirudisha wima. Na tako la kuzungusha la vichwa hivyo halina msuguano mzuri, linaruka kama alivyosema #7.

Kama ni kuweka darubini ubavuni, afadhali kichwa kilichotengenezwa hivyo. AZ-GTi ya Sky-Watcher ina kilo 1.3, inabeba 5, inakaa kwenye bolti ya thumni tatu, na ina mota za kufuata nyota.

#22 FundiKereza
Na betri 8 za kalamu, na bei ambayo laki tatu hazifiki. Kisha ukifika utosini bila kipande cha nguzo cha kuinua, mtutu mrefu unagonga mguu wa tripodi. Kwa mm 400 huenda ukapona, kwa mitutu mirefu la.

#23 Kivukoni_Feri
Kwa nini asichukue ile ya ikweta inayofuata nyota kwa mhimili mmoja?

#24 Mwalimu_Newala
Kwa sababu mhimili huo lazima uelekee ncha ya kusini ya anga, na ncha hiyo kwetu iko nyuzi 10 tu juu ya upeo. Nyota ya kuilenga, Sigma Oktantis, ina mwangaza wa 5.4, hafifu hata kwenye giza zuri, na kwa kimo hicho imezama kwenye ukungu wa bahari. Tena mhimili ukilala hivyo, fimbo ya uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa tripodi. Kwa kutazama kwa macho tu hapa kwetu, juu-chini na kulia-kushoto inatosha.

#25 BintiMikindani
La chumvi mmelisahau wakuu. Ukitoka Msangamkuu futa kichwa kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, kisha kikavu, kabla ya kukifunga begini. Skrubu za chuma ndani ya alumini huota unga mweupe na kushikana. Grisi nyembamba kwenye meno ya skrubu za kukazia. Lakini kwenye gololi yenyewe usiweke mafuta ya aina yoyote, wala ya kupuliza. Gololi inashika kwa msuguano. Ikiwa chafu, spiriti na kitambaa, basi.

#26 KusiLaShangani
Asanteni sana wakuu. Nimefanya vipimo, majibu haya hapa.

Mstari wa penseli haukukatika. Pleti ina mpira wa mm 2 juu yake. Nimeubandua, nimefunga chuma kwa chuma: kushuka kumebaki kama sehemu moja ya kumi ya uwanja, kutoka robo.

Kugonga: darubini moja kwa moja kwenye miguu, sekunde 2 na nusu. Ikiwa na kichwa wima, 4. Kwa mtindo wa ubavuni wa #20, 3. Utosini inafika, nimeipandisha mpaka nyuzi 95. Kulia na kushoto inaruka kidogo.

#27 FundiKereza
Pleti ndiyo iliyokuwa inashuka. Nilisema.

#28 HesabuKwanza
Na ile sehemu ya kumi iliyobaki? Mpira umetoka, bado inashuka. Gololi hiyo, inahama kidogo kuliko unene wa penseli yako. Na kichwa kikiwa wima kinaongeza sekunde 1 na nusu nzima, kwa hiyo kichwa bado kina hatia.

#29 NyotaZaKusini
Ubavuni kinaongeza nusu sekunde tu, na ni kichwa kilekile. Basi tatizo ni kimo cha mzigo juu ya gololi, si gololi. Kwa kuruka kwa tako: likaze robo tu, uwe unasukuma ukishika ncha ya mbele ya mtutu, usishike kioo cha kona. Mkono mrefu unalainisha mruko.

#30 JiweLaMsimbati
Sekunde 2 na nusu bila kichwa chochote ni za miguu, na ndizo nyingi kuliko zote hapo! Mkuu, ulipopima nguzo ya kati ilikuwa chini kabisa?

#31 KusiLaShangani
Ilikuwa juu kama sm 12, nikiishusha shingo inaniuma nikitazama vitu vya chini.

#32 JiweLaMsimbati
Ishushe yote, kaa kwenye kigoda, tundika mchanga kilo 4, urudie kugonga mara tatu tatu. Laki tatu zako usiziguse mpaka ulete namba.